Mwana wa Nallamuthu

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2019, fomu ya kifo ilikataa kumpokea Nallamuthu.

Malarvizhi aliiona alama nyekundu kwenye skrini kabla hajaketi. Alikuwa kiongozi wa wajaribu programu katika kampuni moja ya Sholinganallur, kusini mwa Chennai, na kazi yake ilikuwa kuzihoji fomu kabla mteja hajazitumia. Kila kisanduku cha kujazwa alikifanyia vitimbi. Alikiacha kitupu. Alikijaza herufi moja, kisha herufi nyingi kupita kiasi chake. Palipotakiwa tarehe aliweka jina, palipotakiwa jina aliweka tarakimu. Fomu ikimpokea mwongo, aliirudisha kwa waandishi wa programu. Ikimkataa mkweli, aliirudisha pia.

Nallamuthu hakuwa mtu. Alikuwa jina lililobuniwa miaka mingi nyuma na mjaribu fulani aliyekwisha kuhama, ili kikosi kisitumie majina ya watu halisi. Tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa 29 Februari 1976, kwa sababu tarehe hiyo huzikwaza programu mbovu. Simu yake ilikuwa tisa tupu, kumi mfululizo. Anwani yake ilitungwa ndefu kusudi, ipite uwezo wa kisanduku, na programu iliikata palepale nafasi ilipoisha: Namba 7, Mtaa wa 3, Nyuma ya Ki. Nyuma ya nini, hakuna aliyejua tena.

Kila usiku, kompyuta zilipojiendeshea majaribio zenyewe, Nallamuthu alizaliwa, akaajiriwa, akaoa, akapandishwa cheo, akafa. Kisha alifutwa. Usiku uliofuata alianza upya. Mambo yakaenda hivyo miaka yote.

Programu iliyokuwa mezani mwezi huo ilikuwa ya viwanda vya nguo, na ilitakiwa kukabidhiwa kabla ya Diwali. Mteja aliomba jambo moja ambalo Malarvizhi hakuwahi kuliona kwingine. Mfanyakazi akifa, fomu iulize jina la mwana aliyewasha moto wa maiti, kwa kuwa ndiye anayepokea mafao. Kisanduku hicho kilikuwa cha lazima.

Chini ya alama nyekundu palikuwa na maneno mawili.

Mwanangu hajaja.

Malarvizhi aliyasoma tena. Ujumbe wa makosa uliomo kwenye programu aliujua wote, kwa maana yeye ndiye aliyeupitia mmoja mmoja na kuuidhinisha. Huu haukuwemo.

"Iniyan," aliita bila kugeuka. "Njoo hapa, mdogo wangu. Njoo uniambie nani kaanza vichekesho asubuhi asubuhi."

Iniyan alikuja na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa na mwaka mmoja kazini, kijana wa kijiji cha wafumaji karibu na Salem, mwepesi wa kazi na mwepesi wa maneno. Alisoma skrini, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Si mimi, dada."

"Sijasema ni wewe."

"Umeniita mimi peke yangu, dada. Hapa tuko watu tisa."

Alikuwa sahihi. Malarvizhi alimwita yeye kwa sababu orodha ya waliofungua kompyuta Jumatatu ilikuwa na jina moja tu. Jumatatu ilikuwa Ayudha Puja, sikukuu ya vyombo vya kazi. Ofisi nzima ilipaka kompyuta zake unga wa msandali na doa jekundu, ikazivika maua, ikapasua boga jeupe langoni ili kufukuza vijicho, ikagawa bisi za mchele na dengu, ikaenda nyumbani. Siku hiyo chombo cha kazi hakiguswi. Fundi cherehani hashoni, dereva hawashi gari, mpaka kesho yake chombo kiombewe na kuamshwa.

"Ulifanya kazi Jumatatu?"

"Bosi alinipigia. Alisema mteja hajui Ayudha Puja, anajua tarehe ya kukabidhiwa mali yake." Iniyan alishusha sauti. "Nikafuta ule unga kwenye kibodi kwa mkono wa shati. Mama angeniona angenilaza njaa."

"Ukajaribu nini?"

"Kisanduku cha mwana. Kitupu, kikakataa. Herufi moja, kikakataa. Tarakimu, kikakataa. Vizuri kabisa. Ikabaki kuweka jina zuri, nione kama kitakubali." Alisita. "Nikaweka langu."

"Jina lako?"

"Lilikuja upesi, dada. Lina herufi za kutosha, halina vitata. Nikajaza na tarehe yangu ya kuzaliwa kwa sababu fomu ilikuwa inaidai."

Malarvizhi alimkemea kwa kanuni ya kazi: jina la mtu halisi halitumiki kwenye majaribio, siku ya kwanza kabisa aliambiwa. Hilo ndilo alilolisema kwa sauti. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakutaka kulitamka mbele ya watu wenye digrii. Mwana ambaye baba yake yu hai hawashi moto wa maiti, wala hafanyi kazi yoyote ya mwana aliyefiwa. Anayefanya hivyo anajitangaza yatima.

"Baba yako mzima?" aliuliza tu.

"Mzima! Jana kanigombeza kwenye simu kwamba nimekonda." Iniyan alijaribu tabasamu. "Ni data tu, dada. Isitoshe, maskini Nallamuthu, tumemwua kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwashia moto. Angalau nimemtendea wema."

Malarvizhi alilifuta jina la Iniyan kwenye kisanduku, akaweka la kubuni, akahifadhi. Programu ikakubali. Alipofungua tena kumbukumbu ile, jina lilikuwa limerudi. Pembeni yake palikuwa na kundi la damu, B hasi.

"Hilo la damu uliliandika wewe?"

"Hakuna sehemu ya kundi la damu kwenye hii fomu, dada," alisema Iniyan.

Kweli haikuwepo. Na kundi la damu la Iniyan, alikiri mwenyewe, lilikuwa B hasi.

*

Mchana, wakati wa chakula, Mariadas mlinzi alimsimamisha Malarvizhi karibu na lango. Mariadas alikuwa ametumikia jeshi, na hakuwa mtu wa kubuni habari.

"Mama, kuna mzee alikuja anamtafuta mwanawe. Nikamwambia, mzee, humu ndani mna wana wa watu mia tano, wewe wako yupi? Akasema, Iniyan."

"Baba yake yuko Salem."

"Ndivyo nilivyojua. Nikamwomba kitambulisho, hana. Nikamwuliza jina la baba yake, jina lake, kazaliwa lini. Akanijibu kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kama anasomewa. Tarehe 29 Februari, akasema. Nikamwuliza, unakaa wapi? Akasema, Namba 7, Mtaa wa 3, nyuma ya Ki."

Malarvizhi alimsogelea.

"Nikauliza, nyuma ya Ki nini? Kiwanda? Kituo? Kisima? Akanitazama tu. Mdomo uko wazi, sauti haitoki. Si kwamba alisahau, mama. Maneno yalikwisha."

"Ulimfanya nini?"

"Bila kitambulisho haingii mtu. Nilimwambia asubiri nje. Yuko kule kwenye kibanda cha chai tangu saa nne." Mariadas alinyoosha kidole. "Muuza chai anasema hajaagiza chochote."

Malarvizhi hakuangalia alikoonyeshwa. Aliporudi juu alikuwa tayari na maelezo yake. Mtu aliyeijua anwani ya Nallamuthu alikuwa mtu wa kikosi chake. Mtu aliyeweza kuchezea ujumbe wa makosa alikuwa mwenye nenosiri la seva. Mtu aliyelijua kundi la damu la Iniyan alikuwa Iniyan. Kijana alinyimwa sikukuu, akakasirika, akaweka maneno ya kijinga kwenye programu, kisha akamlipa mzee mmoja wa mtaani aje kukamilisha mchezo. Maelezo hayo yalitosha.

Yalimtosha mpaka saa kumi, Iniyan alipomfuata kwenye chumba cha mikutano na kufunga mlango.

"Dada, nimempigia baba."

"Enhe?"

"Ameniuliza mimi nani."

Macho yake yalikuwa makavu. Malarvizhi aliyachunguza kama anavyochunguza kisanduku: hapa kuna kweli, au kuna kitu kinachofanana na kweli?

"Umekosea namba."

"Ni sauti yake. Nyuma nasikia mtambo wa kufumia, namsikia dada yangu akimwita. Nikamwambia, baba, ni mimi Iniyan. Akasema, bwana mdogo, mimi nina mabinti wawili, mwana sijajaliwa. Alisema kwa upole. Akaniombea nimpate ninayemtafuta." Akaitoa simu mfukoni. "Kisha nikapigiwa. Namba ni tisa tupu. Sikupokea. Dada, nisaidie nilale humu ofisini leo. Yule mzee haruhusiwi kuingia. Nikikaa ndani ya lango, sina wasiwasi."

"Unataka kubaki na mitambo peke yako."

"Sitagusa kitu."

"Jumatatu pia ulikuwa peke yako."

Kijana alimnyoshea simu yake. "Unadhani naigiza," alisema. "Basi mpigie wewe."

Malarvizhi alisema atampigia. Hakumpigia. Aliona ni aibu kumsumbua mzee wa watu kwa sababu ya mzaha wa ofisini, na alikuwa na fomu ishirini za kumaliza.

Iniyan alilala ofisini, kwenye viti vitatu alivyoviunganisha. Mariadas alimfungulia choo, akampa mkeka.

*

Alhamisi asubuhi alama nyekundu ilikuwa palepale, na maneno yalikuwa yameongezeka.

Mwanangu yumo ndani. Mtoeni.

Malarvizhi alipanda moja kwa moja kwa Raghuraman, meneja wa mradi. Alimweleza yote kwa dakika chache, kwa mpangilio: Jumatatu, nenosiri, maneno yasiyoidhinishwa, mzee wa langoni, kijana kulala ofisini. Hakusema kwamba amethibitisha. Alisema, "Nina shaka naye."

Raghuraman alivua miwani. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mteja anakuja kuangalia kesho, akikuta 'mwanangu' na 'mtoeni' kwenye skrini nitamwambia nini? Kwamba programu imepata mimba?"

"Naomba tumsikilize kwanza, bosi."

"Tutamsikiliza akiwa nje. Nenosiri lake lizimwe, kadi yake izimwe. Mariadas amtoe. Tukigundua si yeye, tutamwomba radhi na kumnunulia biriani."

Malarvizhi alirudi mezani. Kwa mbali, kupitia kioo, alimwona Iniyan akikusanya vitu vyake: kikombe, chaja, kitana. Kijana hakubishana. Alitazama upande wake mara moja, akainamisha kichwa kama anavyofanya mtu akimuaga mkubwa wake, akaenda na mtu wa ulinzi.

Malarvizhi akafungua kumbukumbu ya Nallamuthu ili aisafishe.

Orodha ya wategemezi ilikuwa na mstari mpya. Iniyan. Mwana. Wa pekee. Kando ya kila badiliko, programu huandika jina la aliyelifanya. Kisanduku hicho hakiwezi kuwa kitupu, yeye mwenyewe alikijaribu kwa kila njia kabla hajakipitisha.

Kilikuwa kitupu.

Saa ya badiliko ilikuwa dakika hiyohiyo. Nenosiri la Iniyan lilikuwa limezimwa tangu Malarvizhi alipokuwa kwa bosi.

Akaita ukurasa upya. Herufi zilikuwa zinabadilika. Moja. Nyingine. Kama mtu asiyezoea kibodi, anayetafuta kila kitufe kwa kidole kimoja. Kwenye kisanduku cha jina la baba yake Iniyan lilikuwemo jina la mfumaji wa Salem, Palanivel. Lilikuwa linafutika kutoka mwisho. Palanive. Palani. Pala. Kisanduku cha baba kinapokea jina moja tu. Yeye ndiye aliyekitungia jaribio hilo, ili mtu asiandikishwe akiwa na baba wawili.

Pa.

Alichukua simu. Namba ya dharura ya Iniyan ilikuwa kwenye karatasi za kikosi. Iliita mara mbili.

"Vanakkam," ilisalimia sauti ya mzee. Nyuma yake mtambo wa kufumia ulikuwa unagonga.

"Baba, naitwa Malarvizhi, nafanya kazi Chennai pamoja na mwanao."

"Jana pia kanipigia kijana mmoja na habari hiyohiyo." Mzee aliguna. "Mama, mimi nina mabinti wawili. Mungu hakunipa mwana. Mnamtafuta Palanivel mwingine."

"Iniyan, baba. Iniyan."

Mtambo ukasimama.

"Jina zuri," alisema mzee polepole. "Ningepata wa kiume, ningemwita hivyo."

Malarvizhi aliacha simu mezani bila kuikata. Lifti ilikuwa imebeba watu wa kupeleka chakula. Akashuka kwa ngazi. Ghorofa sita. Kiatu kilimvuka, akakiacha.

Langoni palikuwa na jua kali na pikipiki za watu wa kupeleka chakula. Mariadas alikuwa amesimama nje ya kibanda chake, kofia mkononi.

"Yuko wapi?"

"Katoka sasa hivi, mama. Mzee alikuwa anamsubiri pale kivulini. Akampokea begi."

"Ukaacha aende?"

"Alikataa kwanza. Akamwambia, mzee, mimi si mwanao, baba yangu ni mfumaji wa Salem. Mzee hakumjibu hilo. Akamtajia tarehe yake ya kuzaliwa. Akamtajia damu yake. Akamtajia mimi nisichokijua, kijana akashtuka. Kila sentensi, mama, ilikuwa inakatika kabla ya kwisha. 'Nimesubiri sana mtu wa kuniwa.' 'Kila siku nakufa na hakuna anaye.' Hivyo. Kijana akawa anazimalizia. Nilimwona mdomo wake. Mzee akiishiwa, yeye anamalizia."

Mariadas alijifuta shingo.

"Halafu akanigeukia. Akaniuliza, 'Kaka Mariadas, baba yangu anaitwa nani vile?' Nilidhani anatania. Ametania sana na mimi, huyu. Nikacheka. Mama, mimi nilicheka."

Walikwenda upande gani, Malarvizhi aliuliza. Mlinzi alionyesha kichochoro kati ya kibanda cha chai na ukuta wa ghala la saruji. Malarvizhi aliingia humo na mguu mmoja mtupu. Kichochoro kilikuwa kifupi, kikaishia kwenye ukuta. Juu yake hapakuwa na pa kushika. Chini palikuwa na nyayo za watu wawili kwenye vumbi, zikielekea ukutani. Hapakuwa na za kurudi.

Aliporudi juu, alama ya fomu ya kifo ilikuwa ya kijani.

Jaribio limepita. Nallamuthu amefariki. Moto umewashwa na mwana.

*

Polisi wa Sholinganallur walimsikiliza kwa adabu. Ofisa alichukua jina, umri, urefu, rangi ya shati. Kisha akauliza ndugu wa aliyepotea ni nani. Malarvizhi alimpa namba ya Salem. Ofisa akapiga palepale, akasikiliza, akashukuru, akaweka simu chini.

"Mzee anasema hamjui. Bila ndugu wa kulalamika, dada, mimi hapa nina mtu mzima aliyefukuzwa kazi akaondoka na rafiki yake kwa miguu."

Kamera ya langoni ilionyesha Iniyan akitoka, akisimama, akizungumza, akitoa begi lake na kulikabidhi. Upande wa pili wa begi, kwenye picha, hapakuonekana mtu kwa sababu ya mwanga wa jua. Hivyo ndivyo fundi wa kamera alivyoeleza. Raghuraman alikubali maelezo hayo. Programu ikakabidhiwa kabla ya siku iliyopangwa. Jina la Nallamuthu halikupatikana tena katika seva yoyote ya kampuni, wala katika nakala za akiba. Kikosi kilibuni mtu mwingine, na Malarvizhi aliagiza apewe wana watatu, nao wa kubuni.

Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba, mkesha wa Diwali, alipanda basi la alfajiri kwenda Salem. Alibeba kikombe, chaja na kitana ambavyo Iniyan aliviacha kwenye kibanda cha mlinzi. Hakujua atasema nini.

Palanivel alimkaribisha ndani kama mgeni yeyote wa sikukuu. Mkewe alileta kahawa na murukku ya moto, vitafunio vya unga wa mchele. Mabinti wawili walikuja kusalimia. Nguo mpya za Diwali zilikuwa zimekunjwa mbele ya picha za miungu, kila moja na alama ya manjano kwenye pindo, tayari kuvaliwa asubuhi: sari tatu, na nguo mbili za kiume za kujifunga kiunoni, nyeupe, pindo la dhahabu.

Malarvizhi alizitazama zile mbili.

"Moja ni yangu," alisema mzee, akiyafuata macho yake. "Hii nyingine nimeifuma mwenyewe, kuanzia mwezi wa nane. Nimetia hariri kwenye pindo. Mtu hafumi hivi kwa ajili ya duka." Aliipapasa. "Mke wangu ananiuliza, ya nani? Simwambii kitu, kwa sababu sijui. Naikumbuka kazi, simkumbuki mtu."

Mama wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alipoulizwa na binti yake kwa nini, alisema hajui, yamemwanza tu wiki mbili hizi.

Mzee aliichukua ile nguo kwa mikono miwili, akampa mgeni.

"Wewe unatoka mjini, unaonana na vijana wengi. Ukimwona mwenyewe, mpe."

Malarvizhi aliipokea. Basi la kurudi Chennai liliondoka Salem saa tisa na nusu alasiri, na nguo ilikuwa mapajani mwake.